Je, Ufundi Huutakasa Uovu? Swali Lililoachwa na D. W. Griffith

Katika kufundisha fasihi tumezoea kuigawa kazi ya sanaa katika mafungu mawili, fani na maudhui. Mwanafunzi huulizwa kwanza mtunzi amesema nini, kisha amelisema kwa njia gani. Na alama zake hugawanywa vivyo hivyo. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani, kwani humzuia kijana asichanganye mambo. Lakini mazoea huzaa imani, na imani iliyozaliwa na mazoea haya ni kwamba mambo hayo mawili yaweza kutengwa hata katika hukumu: kwamba mtu aweza kusema, "Maudhui ya kazi hii ni maovu, ila fani yake ni njema," kisha akafunga kitabu akiamini kwamba ametenda haki pande zote mbili.

Makala haya yanakusudia kuichunguza imani hiyo. Sikuchagua riwaya wala shairi kuwa kipimo, bali filamu. Nazo ni zile za zamani zisizokuwa na sauti, wakati picha zilipopita kimya juu ya kitambaa cheupe na maneno machache yakaandikwa kati ya picha na picha. Sababu ya uchaguzi huo ni kwamba katika historia ya sanaa hiyo yupo mtu ambaye maisha yake ni kama mtihani uliotungwa makusudi kwa ajili ya swali letu. Mtu huyo ni Mmarekani David Wark Griffith. Wengi walioongoza filamu baada yake walikiri kwamba walijifunza kwake. Na filamu yake iliyovuma kuliko zote ilisaidia kukifufua chama cha wauaji.

Mtoto wa kanali

Griffith alizaliwa tarehe 22 Januari 1875 shambani katika jimbo la Kentucky. Baba yake, Jacob Griffith, alikuwa kanali katika jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani kati ya mwaka 1860 na 1861 kwa kutaka kuulinda utumwa. Vita vilikwisha mwaka 1865. Kusini ikashindwa, watumwa wapatao milioni nne wakawa watu huru, naye kanali akarudi nyumbani na majeraha na masimulizi. Masimulizi hayo ndiyo aliyokua nayo mtoto. Baba alifariki mwaka 1885, mwana akiwa na umri wa miaka kumi, akaiachia jamaa yake madeni. Baada ya miaka michache walihamia mji wa Louisville, na kijana akaacha masomo akaingia kazi ya dukani.

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Griffith alilelewa katika nyumba iliyopoteza mali na heshima, na ambayo ilijifariji kwa kuamini kwamba ilidhulumiwa. Hakuambiwa kwamba mali ile ilitokana na jasho la watu wasiolipwa. Aliambiwa juu ya ushujaa wa baba. Maumivu ya mtoto yule yalikuwa ya kweli. Hadithi iliyoyaeleza maumivu hayo ndiyo iliyokuwa ya uongo. Yafaa tuushike sana upambanuzi huu, kwa sababu uovu wa watu wenye vipawa mara nyingi haututokei ukiwa na sura ya ukatili. Hututokea ukiwa na sura ya huzuni.

Kwa miaka kadhaa Griffith alihangaika na makundi ya waigizaji, leo mji huu, kesho ule. Tamaa yake ilikuwa kuandika tamthilia, lakini hakufanikiwa. Filamu aliziingia kwa ajili ya riziki, kwani siku zile watu wa jukwaani waliziona kuwa kazi duni. Mwaka 1908, katika kampuni ya Biograph ya New York, alipewa nafasi ya kuongoza filamu yake ya kwanza, The Adventures of Dollie. Kuanzia hapo hadi mwaka 1913 aliongoza filamu fupi zaidi ya 400.

Lugha ya picha

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hatuwezi kulijibu swali letu kwa kuudharau ufundi wa mtu huyu, maana ufundi wenyewe ndio unaolifanya swali liwe gumu.

Alipoanza kazi, filamu nyingi zilipigwa kama mchezo unavyotazamwa na mtu aliyeketi kiti kimoja ukumbini. Kamera ilisimama mahali pamoja, waigizaji wakaonekana kuanzia utosini hadi nyayoni, na tukio moja likiisha jingine lilianza. Walikuwako watu, Uingereza na Marekani, waliokwisha jaribu kuivunja desturi hiyo kabla yake, kwa hiyo si kweli kwamba Griffith alibuni kila kitu. Lakini alizikusanya mbinu zilizokuwa zimetawanyika, akazitumia mara mia kwa mia pamoja na mpiga picha wake Billy Bitzer, hata zikawa kama lugha yenye sarufi. Aliisogeza kamera karibu na uso, ili jicho lililolowa machozi liweze kusema bila sauti. Aliwafundisha waigizaji, kama Lillian Gish na Mae Marsh, kuacha ishara kubwa kubwa za jukwaani na kutumia mkono unaotetemeka au mdomo unaojaribu kutabasamu. Na zaidi ya yote, aliyapishanisha matukio: alituonyesha jambo linalotukia hapa, kisha jingine linalotukia kwingine wakati ule ule, akarudi, akaenda tena, kwa vipande vilivyozidi kuwa vifupi, hata mtazamaji akashikwa na wasiwasi.

Mfano mwema ni filamu ya mwaka 1909 iitwayo A Corner in Wheat, yenye urefu wa takriban robo saa. Tajiri mmoja ananunua ngano yote sokoni ili bei ipande. Griffith anatuonyesha karamu ya tajiri, meza imejaa. Mara anatupeleka dukani, ambako maskini wamepanga mstari na mkate umepanda bei. Mara tumerudi karamuni. Mwishowe tajiri anateleza na kutumbukia katika ghala, anafukiwa na nafaka ile ile aliyowanyima watu.

Tuangalie kilichofanyika hapa. Karamu peke yake ni karamu tu, na mstari wa wanunuzi peke yake ni mstari tu. Lawama inazaliwa pale picha moja inapokutana na nyingine. Haikusemwa kwa maneno ya mhusika yeyote. Imesemwa na mpangilio. Kwa maneno mengine, njia ya kusema ndiyo iliyosema. Ukimwomba mwanafunzi ayatenge maudhui ya filamu hii na fani yake, atabaki na karamu upande mmoja na mstari upande wa pili, na dhamira itakuwa imempotea.

Katika filamu hii ufundi ulisimama upande wa haki, na hakuna mtu aliyelalamika. Sasa tuutazame ufundi ule ule ulipohamia upande mwingine.

Filamu ya mwaka 1915

Tarehe 8 Februari 1915, mjini Los Angeles, Griffith alionyesha kwa mara ya kwanza filamu ndefu kupita saa tatu. Ilitokana na riwaya ya Thomas Dixon iitwayo The Clansman, ya mwaka 1905, na punde ikapewa jina la The Birth of a Nation, yaani Kuzaliwa kwa Taifa. Siku kumi baadaye ilionyeshwa Ikulu ya Washington mbele ya Rais Woodrow Wilson, ambaye maandishi yake ya historia yalikuwa yamenukuliwa katika filamu yenyewe. Katika kumbi kubwa ilifuatana na okestra nzima, na kiti kizuri kiliuzwa hadi dola 2, wakati ambapo watu walizoea kuingia katika sinema kwa senti chache.

Filamu inasimulia habari za jamaa mbili, moja ya Kaskazini na moja ya Kusini, wakati wa vita na baada ya vita. Baada ya vita, watu weusi walipata haki ya kupiga kura na baadhi yao wakachaguliwa kuwa wabunge. Griffith anawaonyesha wabunge hao wakinywa pombe na kuvua viatu ndani ya bunge. Anamwonyesha askari mweusi, Gus, akimfuata msichana wa Kizungu hadi msichana yule anajirusha kutoka juu ya jabali akafa. Gus na wahusika wengine wakuu wa aina yake waliigizwa na Wazungu waliopakwa rangi nyeusi usoni. Kisha anatuletea waokozi: wapanda farasi wa Ku Klux Klan, waliojifunika mashuka meupe.

Hapo ndipo Griffith alipotumia yote aliyoyajua. Chumbani msichana mmoja yumo mikononi mwa mtu anayetaka kumwoa kwa nguvu. Kwingineko jamaa nzima imejifungia katika kibanda kidogo, askari weusi wanavunja mlango. Na huko barabarani farasi wanakuja. Chumba, kibanda, farasi. Kibanda, farasi, chumba. Vipande vinafupika, na okestra inapiga muziki wa Richard Wagner. Mtazamaji anasogea mbele ya kiti chake. Anataka farasi wafike. Hajaulizwa kama anaukubali ubaguzi. Ameulizwa tu kama anataka wasichana wale waokolewe, na moyo wake umekwisha jibu. Klan wanafika, watu wanashangilia. Halafu, bila kutupa nafasi ya kupumua, filamu inatuonyesha siku ya uchaguzi: watu weusi wanatoka majumbani mwao, wanawaona wapanda farasi wenye silaha wamejipanga nje, wanarudi ndani. Kura hawakupiga. Huo, kwa Griffith, ni mwisho mwema wa hadithi.

Ukweli ulikuwa kinyume. Serikali za miaka ile, ambazo watu weusi walishiriki kwa mara ya kwanza, ndizo zilizoweka misingi ya shule za umma katika sehemu kubwa ya Kusini, na mwanazuoni W. E. B. Du Bois alilieleza jambo hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1935, Black Reconstruction in America. Walioteseka kwa kundi lenye kamba na moto walikuwa weusi. Shirika la Equal Justice Initiative limehesabu zaidi ya watu weusi 4,400 waliouawa hivyo, bila hukumu ya mahakama, kati ya mwaka 1877 na 1950. Filamu iliugeuza ukweli huo: ikamfanya mwuaji kuwa mwokozi na aliyeuawa kuwa tishio.

Nayo haikuishia ukumbini. Klan ya kwanza ilikuwa imekwisha kufa tangu miaka ya 1870. Mnamo Novemba 1915, miezi michache baada ya filamu kuanza kuzunguka nchi, William Simmons aliwaongoza watu wachache juu ya mlima wa Stone Mountain, Georgia, wakachoma msalaba na kukiasisi chama upya. Filamu ilipofika mjini Atlanta mwezi uliofuata, tangazo la chama lilichapwa gazetini pamoja na tangazo la filamu. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 chama hicho kilikuwa na wanachama kwa mamilioni, na filamu ikaendelea kutumiwa kuwavuta wengine.

Nyuzi za utetezi

Wanaomtetea Griffith huleta hoja tatu, na si haki kuzipita bila kuzipima.

Hoja ya kwanza husema kwamba alikuwa mtoto wa wakati wake. Lakini wakati wake ulikuwa wa nani? Chama cha NAACP, kilichoundwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi, kilipinga filamu hii tangu ilipotoka. Katika Boston, Aprili 1915, mhariri William Monroe Trotter aliongoza umma kuipinga, akakamatwa na polisi mlangoni mwa ukumbi. Jane Addams, mwanamke wa Kizungu aliyesifika kwa kuwahudumia maskini wa Chicago, aliilaani hadharani mwaka ule ule. Hawa nao walikuwa watoto wa wakati ule. Tunaposema kwamba "watu wa zamani hawakujua," mara nyingi tunakuwa tumewahesabu baadhi ya watu tu, na waliodhulumiwa hatukuwahesabu kabisa.

Hoja ya pili ni ya nia. Husemwa kwamba Griffith hakukusudia kumdhuru mtu. Aliiamini hadithi aliyoisikia kwa baba yake. Inawezekana sana. Katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu swali hili la nia limewahi kufika hata mahakamani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15 mwezi Desemba 2008. Hakutiwa hatiani kwa kutunga nyimbo, bali kwa maneno ya uchochezi aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti Juni 1994. Hata hivyo mahakama ilikubali kwamba nyimbo zake zilitumiwa kueneza chuki. Twaona basi kwamba sheria hupima nia, na ni haki ipime, kwa sababu inamfunga mtu. Lakini sisi tunaosoma na kufundisha hatumfungi mtu, tunaipima kazi. Na kazi hupimwa kwa yale inayomfanyia anayeipokea. Sumu iliyopikwa na mtu asiyejua kwamba ni sumu humsamehe mpishi, haimponyi mlaji.

Tena, nia ya Griffith haikubaki gizani siku zote. Aliambiwa. Alipoambiwa, mwaka 1916 alichapisha kijitabu kutetea uhuru wa maoni, na akatengeneza filamu kubwa zaidi, Intolerance, yenye hadithi nne: kuanguka kwa Babeli, mateso ya Kristo, mauaji ya Waprotestanti wa Ufaransa mwaka 1572, na mkasa wa mafukara wa Marekani ya siku zake. Hadithi hizo zote zinapishana hadi mwisho, na hakuna aliyewahi kujaribu jambo kama hilo kabla yake. Wengine wameiona kuwa ni toba. Sivyo. Griffith alijiona yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyeonewa, na waliompinga kuwa ndio wasiovumilia. Alikuwa na macho ya kuona dhuluma iliyotendwa Babeli, na hakuwa na macho ya kuiona iliyotendwa Kentucky.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ile tuliyoanza nayo: kwamba tuyalaani maudhui na tuisifu fani. Kuna mfano unaotumika sana darasani, wa kikombe na chai. Fani ni kikombe, maudhui ni chai. Ukimwaga chai iliyoharibika, kikombe hubaki kizuri. Wengine wameupinga mfano huo, wakasema fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Filamu ya Griffith inatuonyesha ni upande gani ulio karibu na ukweli. Katika kile kipande cha farasi, chai ni ipi na kikombe ni kipi? Uongo wa filamu ni kwamba Klan ni waokozi. Lakini uongo huo haukuthibitishwa kwa hoja hata moja. Umethibitishwa kwa mapigo ya moyo wa mtazamaji, na mapigo hayo yameletwa na upishanishaji wa picha. Moyo hauulizi kwanza nani mwenye haki. Huuliza nani yumo hatarini. Na ni fani inayoamua uso wa nani tutauona kwa karibu, na wa nani utabaki mbali, umepakwa masizi. Ukiiondoa fani, uongo ule haubaki umesimama peke yake, unaanguka. Kwa hiyo kuisifu fani ya kipande kile bila kuitia katika shutuma ni sawa na kuisifu shabaha ya mtu aliyempiga risasi asiye na hatia.

Methali yetu husema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa jambo hili methali haitoshi. Kipande cha mti hakimdhuru mtu. Hukatisha tamaa tu. Katika filamu hii uzuri haukufunika utupu. Uzuri ndio uliokuwa mkono wa kazi.

Jibu la Oscar Micheaux

Je, basi tuseme kwamba lugha ile ya picha yenyewe imelaaniwa? La. Jibu la swali hili alilitoa mtu mwingine wa enzi ile ile, naye ni Oscar Micheaux.

Micheaux, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani, alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Illinois. Alilima shamba lake mwenyewe katika South Dakota, akaandika riwaya akaziuza nyumba kwa nyumba, kisha akauza hisa kwa watu ili apate fedha za kutengeneza filamu. Ya kwanza, The Homesteader, ilitoka mwaka 1919. Mwaka ule ule, mwezi Julai, ghasia za ubaguzi zilizuka Chicago, watu 38 wakauawa. Januari 1920, katika mji huo huo ambao majeraha yake hayajafunga, Micheaux alionyesha Within Our Gates, yaani Ndani ya Malango Yetu. Bodi ya ukaguzi iliikataa kwanza, na iliporuhusu ilidai vipande fulani vikatwe.

Mhusika mkuu wa filamu hiyo ni mwalimu. Sylvia Landry anasafiri hadi Boston kutafuta fedha ili shule ya watoto weusi wa Kusini isifungwe. Baadaye tunaelezwa maisha yake ya nyuma. Baba yake mlezi, mkulima, alikwenda kulipa deni kwa mwenye shamba akiwa na hesabu ambayo Sylvia, kwa elimu yake, alikuwa ameiandika sawasawa. Mwenye shamba akauawa kwa risasi na Mzungu mwingine mwenye kisasi naye, lakini lawama ikamwangukia mkulima. Kundi la watu likamkamata yeye na mkewe, likawanyonga.

Na hapa Micheaux anafanya jambo ambalo kila mwalimu wa fasihi angependa kulionyesha. Anapishanisha matukio. Huku kundi linatayarisha kamba na moto. Kule, ndani ya nyumba, Mzungu anamshambulia Sylvia. Ni sarufi ile ile ya Griffith: mwanamke hatarini, kundi la watu, mahali pawili kwa wakati mmoja. Lakini sasa kundi si waokozi. Hakuna farasi anayekuja. Na mshambuliaji anasimama tu anapoona kovu kifuani mwa Sylvia na kutambua kwamba binti huyo amemzaa yeye mwenyewe. Kwa kovu moja Micheaux amefichua kile ambacho hadithi ya Kusini ilikuwa imekizika: ni nani hasa, kwa vizazi vingi, aliyemnajisi nani. Dawa ya moto ni moto.

Kwa hiyo ni lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo neno "ufundi" huvichanganya. Kuna mbinu, na kuna matumizi ya mbinu katika kazi fulani. Mbinu ni kama lugha. Kiswahili hakina hatia kwa sababu mtu amekitumia kusingizia. Hati ya uongo na hati ya kweli huandikwa kwa herufi zile zile. Lakini sentensi ina hatia. Anayesema sentensi ya uongo iliyopangwa vizuri hawezi kutwambia kwamba upangaji ulikuwa mwema na uongo tu ndio mbaya, kwa sababu upangaji ndio uliofanya uongo uaminike. Micheaux aliichukua lugha akaiacha sentensi. Huo ndio mgawanyo wa haki, nao haupiti mahali tunapopitisha mstari wetu wa fani na maudhui.

Lipo pia kosa la kinyume, ambalo walimu tunalifahamu. Ni lile la kuisifu kazi hafifu kwa sababu tu inasema jambo jema. Micheaux hahitaji sadaka hiyo. Fedha zake zilikuwa chache, na ufukara huo unaonekana katika filamu zake. Lakini kipande cha kovu hakisimami kwa huruma yetu, kinasimama kwa akili ya mpangilio wake.

Mwisho wa wawili hao, na wajibu wetu

Griffith aliendelea. Mwaka 1919 alianzisha kampuni ya United Artists pamoja na Charlie Chaplin, Mary Pickford na Douglas Fairbanks. Baada ya hapo nyota yake ilififia pole pole. Filamu yake ya mwisho, The Struggle, ilitoka mwaka 1931, sauti ikiwa imekwisha ingia katika sinema, na haikupata watazamaji. Alifariki Hollywood tarehe 23 Julai 1948, akiwa amekaa miaka mingi bila kazi. Mwaka 1953 chama cha waongozaji wa filamu wa Marekani kiliweka tuzo kubwa yenye jina lake; mwaka 1999 kikaliondoa jina hilo.

Micheaux alifariki mwaka 1951. Kati ya filamu zake nyingi zisizo na sauti, zilizosalia ni tatu tu. Within Our Gates ilidhaniwa kuwa imepotea, hata nakala moja ilipopatikana Hispania ikiwa na jina la Kihispania, ikatengenezwa upya mwaka 1993 na Maktaba ya Bunge la Marekani. Jambo hilo nalo latuhusu. Filamu ya uongo ilihifadhiwa na kusomwa katika vyuo kwa ajili ya "fani" yake; jibu lake likaachwa lioze. Hiyo ndiyo gharama ya kuamini kwamba fani hupimwa peke yake: tuliyemwita fundi tulimtunza, na aliyemjibu tukamsahau.

Je, tufanye nini na kazi kama ile ya mwaka 1915? Wako wanaotaka ipigwe marufuku, kama majimbo ya Ohio na Kansas yalivyofanya wakati ule. Na mahakama kuu ya Marekani ilikuwa imeamua, Februari 1915, kwamba filamu hazina kinga ya uhuru wa maoni. Lakini mkasi ule ule wa ukaguzi ndio uliomkata Micheaux mwaka 1920. Mwenye kumpa mkaguzi kisu hajui kitachinja nani kesho. Kuificha kazi hiyo kuna hasara nyingine pia: asiyejua jinsi uongo ulivyopambwa jana hatautambua ukipambwa leo.

Nionavyo mimi, kazi kama hiyo ihifadhiwe, ionyeshwe kwa watu wazima wenye kuandaliwa, na kamwe isionyeshwe bila jibu lake kando. Na mwalimu anapoifundisha, aibadili namna ya kuuliza. Badala ya kuuliza, "Eleza maudhui, kisha eleza fani," na aulize, "Mpangilio huu unataka umhurumie nani, na unakuzuia usimhurumie nani?" Swali hilo moja linakusanya fani na maudhui mahali pamoja, na linafaa filamu, riwaya, wimbo, hotuba ya mwanasiasa na hata tangazo la biashara. Mwanafunzi anayeweza kulijibu amepata kinga ambayo hakuna bodi ya ukaguzi iwezayo kumpa.

Tukirudi kwenye swali la kichwa cha makala: ufundi hauutakasi uovu. Huupa miguu. Mwenye kipawa akikosea hukosea mbali zaidi kuliko sisi wengine, kwa sababu ameweza kuwafikisha wengi mahali ambapo mwongo wa kawaida asingewafikisha. Kwa hiyo sifa za ufundi wake tuziandike kwa wino ule ule tunaoandikia mashtaka, katika ukurasa ule ule, asije mtu akauchana ukurasa mmoja akabaki na mwingine. Wenzangu walimu wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyaleta katika jarida hili, kwani mjadala wa jinsi ya kuhukumu kazi ya sanaa haujafungwa, wala haufai kufungwa na mtu mmoja.